Namba Tasa

Dundee, saa tatu asubuhi, mwezi wa kwanza,
ndio kwanza mwanga unajitafuta juu ya mto Tay,
na Profesa Rennie ameshajaza ubao wa pili.
Hatuandikii sisi. Anaandika
kama mtu aliyekumbuka deni:
mkono wa kushoto unakwenda na chaki,
wa kulia unafuata nyuma, unafuta,
na aliyekohoa kapitwa na mstari mzima.

Calum, anayekaa mbele yangu, huhesabu
ni mara ngapi atasema "ni dhahiri."
Leo kumi na saba. Jana kumi na moja.
Si dhahiri, huninong'oneza, wala haijawahi.
Parveen hanong'onezi. Ananakili hata vumbi.
Tomasz alihamia uchumi wiki ya tatu,
akasahau kalamu yake ya risasi juu ya dawati;
imelala pale, hakuna anayeigusa.

Mimi nilitoka Tabora na cheti cha hesabu,
nakala yake imebandikwa ukutani sebuleni,
mama huwaonyesha wageni kabla hajawapa kiti.
Jaribio la kwanza: ishirini na tatu kwa mia.
Hakuniandikia jitahidi. Hakuniandikia pole.
Kando ya kila mstari, kwa wino wa kijani,
neno lilelile, kama jirani mbea:
Umejuaje?
Mfuatano huu una kikomo. Umejuaje?
Kwa hiyo x ni chanya. Umejuaje?
Nikarudi juu kabisa, kwenye jina langu, Lugusha,
nikilikagua, nisije nikalikuta nalo limeulizwa.

Nilimchukia wiki sita.
Nilimchukia ndani ya basi, kioo kikitoa jasho,
nilimchukia usiku kwenye ghala la biskuti
nikipanga makasha, kumi na mbili kwenda juu,
kumi na mbili kwenda pembeni,
nikiyakejeli: na nyinyi, mmejuaje?
Hapo, sijui ilikuwa saa ngapi,
nikabaini kwamba nauliza kweli.
Kwamba tangu darasa la kwanza kule Isevya
nimeimba majedwali kama kiitikio,
na hasi mara hasi kwangu ilikuwa chanya
kwa kuwa mwalimu alishika fimbo.

Nikaenda ofisini kwake. Soksi zake
zilikuwa zinakauka juu ya hita.
Alionekana mdogo kuliko darasani.
Saa nzima tukafanya uthibitisho mmoja:
kwamba namba zile zisizogawanyika hazina mwisho.
"Kwa lugha yenu mnaziitaje?"
aliuliza, chaki mdomoni kama sigara.
Nikasita. Mwanamke wa miaka sitini,
dirishani hapana picha ya mtoto, ila ya paka.
Tasa, nikasema. Kama mtu asiyezaa.

Hita ikagonga mara mbili.
Kisha akacheka, cheko la kukwaruza,
akaandika kumi na mbili ubaoni, akaipasua:
mbili, mbili, tatu.
Akaandika tisini na moja. Saba. Kumi na tatu.
"Nyingine zote zimetoka tumboni mwa hizi," akasema.
"Huyo aliyeziita tasa,
alijuaje?"
Nami, niliyekuja na majibu ya nchi nzima,
nikatazama soksi.

Machi wakatugawia fomu, zamu yetu kumpima:
Anaeleweka? Anatia moyo? Anatunza muda?
Zungushia moja hadi tano.
Calum alizungushia moja mpaka karatasi ikatoboka.
Parveen tano, tano, tano, hata maswali hakusoma.
Mimi kwenye "anaeleweka" niliweka mbili,
maana haeleweki, na kumsingizia sitaki.
Kwenye "anatunza muda," moja; tulikosa chakula cha mchana mara nne.
Chini kulikuwa na nafasi ya maoni.
Nikaandika: Amenifundisha.

Ukumbi ukabaki mtupu. Shakwe mmoja
alikuwa anatembea kwenye ukingo wa dirisha
kama msimamizi wa mtihani.
Nikaitazama ile sentensi, imekaa peke yake,
haina mbele wala nyuma.
Nikanyoosha mkono, nikachukua kalamu ya Tomasz,
na pembeni, kwa herufi ndogo,
nikajiuliza.