Hatua Hamsini

Sheria ilisema mbili,
moja mbele, moja nyuma,
hatua hamsini kutoka kwenye gari.
Baba mdogo Amaro aliijua kwa moyo
kama wengine wajuavyo Salamu Maria.

Alikuwa akikusanya maziwa kwa lori la tangi,
zizi hadi zizi, katika milima ya Galisia
ambako ukungu hauji, huwa tayari upo,
umekaa barabarani kama ng'ombe asiye na mwenyewe.

Asubuhi ile ya Februari pampu ya maji ilikufa.
Akazima injini. Akavaa kizibao cha manjano
kabla hajafungua mlango, maana hilo nalo lilikuwa sheria,
na faini yake aliwahi kuilipa
kwa afisa mmoja wa Lugo aliyekuwa na mafua.
Alipenda kulisimulia jambo hilo.
Hayo mafua hakuyasahau hata siku moja.

Akatoka, akahesabu.
Tunajua alihesabu kwa sauti
kwa sababu mzee Fructuoso alikuwa nyuma ya ukuta, akikata kabichi,
akaisikia sauti bila kumwona mtu:
arobaini na saba, arobaini na nane,
kisha mlio wa vyuma vikikunjuliwa,
kisha hatua za kurudi,
ambazo hakuna anayezihesabu.

Gari lilikuwa la mwalimu wa chekechea.
Aliiona pembetatu. Aliapa hivyo, na mimi namwamini.
Aliiona, akashtuka, akakata usukani kulia,
na kulia ndiko alikokuwa Amaro.

Polisi walipima kila kitu.
Pembetatu ilikuwa bado imesimama,
haina mkwaruzo, imetazama inakotakiwa kutazama.
Hatua hamsini na moja, waliandika.
Baba aliirudia namba hiyo mezani
hadi mama akamnyang'anya karatasi.
Moja ya ziada, alisema. Alizidisha moja.

Sasa wamebadilisha.
Siku hizi ni taa, kidude cha ukubwa wa chungwa:
unashusha kioo, unanyoosha mkono,
sumaku inang'ang'ania paa, basi.
Huko mbali mtambo unajua ulipo.
Hakuna kushuka. Hakuna kuhesabu.
Kijana wa dukani alinieleza kwa tabasamu
kwamba zile za zamani zilikuwa zikiua watu.
Nikamwambia ndiyo, nimesikia.
Nikanunua mbili, moja ya baba.

Baba hakuikataa. Aliiwasha, akaizima,
akaitia kwenye kisanduku cha mbele
pamoja na risiti za mafuta na pipi za mnanaa.
Lakini pembetatu zake hazikutoka kwenye buti.
Jioni akaniuliza, tena si kwa hasira,
aliuliza kama mtu anayetafuta miwani yake:
Sabela, kama ilikuwa inawezekana kukaa ndani ya gari,
kwa nini walimwambia ashuke?

Nikasema sheria nazo hujifunza.
Akasema, na karo hulipa nani?
Kisha akaenda kuwatazama kuku.

Ile ya Amaro tulirudishiwa
ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba ya kesi.
Mama ndiye anayeitumia.
Kila Jumamosi akipiga deki jikoni
huikunjua mlangoni, hatua tatu kabla ya maji,
na mwanzoni tulicheka, hata mjane wake alicheka,
akajifuta macho, akacheka tena.

Baba huingia kutoka bandani na gambuti za matope.
Huiona. Husimama.
Mama humwambia pita pembeni, Eladio, pale pakavu,
naye hapiti.
Hukaa upande ule, kofia mkononi,
akingoja sakafu ikauke yote,
na kahawa yake mezani inapoa.