Winchi ya Mwisho

Baba, uliniuliza Jumapili ukikanda bega lako,
winchi hushukaje kutoka juu ya ghorofa,
nami nikacheka, nikakumiminia chai, nikabadili mazungumzo.
Sikujua. Miaka minne nimekaa ndani yake
na sikuwahi kujiuliza.

Kule juu nilikuwa na kiti, vyuma viwili vya kuongozea,
chupa ya maji, chupa nyingine isiyo ya maji,
mkate wa mvuke uliopoa, na sauti ya Shu Dehai redioni:
kushoto, kushoto tena, taratibu dada, weka.
Asubuhi nyingi Chongqing haikuwepo.
Ukungu ulimeza mito yote miwili, madaraja, hata kilima chetu,
nikabaki mimi na vichwa vya maghorofa mengine,
tukitazamana kama watu waliosimama majini hadi shingoni.
Nilishusha tani sita za chuma ndani ya weupe ule
kwa kuamini sauti ya mtu nisiyemjua sura.

Jengo lenyewe limesokotwa.
Mhandisi Xun alituonyesha kwa taulo lenye maji:
alilikamua mara moja, akaliinua, akasema ndivyo hivi,
upepo ukija haupati pembe ya kushika,
huteleza ukaenda kusumbua wengine.
Kila ghorofa imegeuka kidogo kuliko iliyo chini yake,
kidogo tu, kama mtu aliyeitwa
na bado hajaamua kuitika.
Katikati uti wa zege, nje ngozi ya kioo,
vipande elfu tisa, na hakuna viwili vilivyo sawa.
Najua. Vyote vilipita kwenye ndoano yangu.

Wewe uliubeba mji huu kwa mti wa mwanzi,
mfuko wa saruji huku, mfuko kule,
ngazi mia tatu kutoka gatini,
shati limeganda mgongoni, ukihesabu kwa pumzi.
Mimi niliunyanyua kwa vidole.
Mama alijivuna sokoni: binti yangu hatoki jasho.
Hakusema kwamba saa tisa alasiri
kivuli cha kazi yangu hufika uani kwetu,
nguo zikalala kambani na unyevu wake.
Mchumia juani hulia kivulini, sawa;
ila wahenga hawakusema kivuli cha nani.

Sasa nimeona, Baba. Sikiliza.
Winchi kubwa hupandisha winchi ndogo hadi paani.
Ile ndogo huishusha kubwa, kipande kwa kipande,
kisha hupandisha nyingine, ndogo kuliko yenyewe,
nayo huishusha iliyoipandisha.
Hakuna inayojishusha.
Nilisimama na Dehai (mfupi, ana mwanya, sikutegemea)
tukakitazama kiti changu kikipita hewani,
na mto wake wa kitambaa cha maua, niliousahau.

Ikabaki ya mwisho, si kubwa kuliko kitanda.
Wakaifungua kwa spana waiteremshe kwa lifti.
Lakini lifti zilishavikwa marumaru,
na mlinzi, kijana wa juzi, glavu nyeupe,
akasema vyuma vya grisi havipiti.
Wakabishana. Wakapiga simu. Simu haikupokelewa.
Basi mafundi mbao wawili, wazee,
wakachukua mwanzi uliokuwa umeegemea ukuta,
wakaufunga mkono wa winchi kwa kamba,
mmoja mbele, mmoja nyuma,
wakashika ngazi:
sabini na nne, sabini na tatu.

Niliwafuata na ndoo ya boliti.
Kufika ya arobaini bega langu lilikuwa linawaka.
Hakuna aliyezungumza. Nilimsikia wa mbele
akihesabu kwa pumzi,
na kabla hajafanya hivyo nikajua
ni hatua ya ngapi atabadili bega.