Nyuma ya Picha ya Baba

Tovuti ya kamba tuliifungua mwaka ule wa bei nzuri ya katani:
picha ya karakana, namba ya simu ya mezani,
baba angali hai, akitabasamu.
Kisha tukaisahau, kama chumba cha mgeni asiyekuja.

Leo asubuhi Bi Kibibi Semkiwa,
muuguzi mstaafu, wa Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kapanda ngazi zetu akihema.
"Ujumbe ulisema benki. Nikabonyeza, benki ikafunguka,
nembo yake, rangi yake, hata salamu yake.
Nikaandika namba ya siri.
Mjukuu ndiye kanionyesha anwani kule juu:
jina lenu, Shemhilu na Wanawe."

Nimetazama. Nyuma ya picha ya baba,
kwenye folda tusiyowahi kuigusa,
mtu katandika mkeka, kafungua dirisha la benki,
kakaa.

Mlango hakuuvunja.
Neno letu la siri lilikuwa katani,
kwa herufi ndogo.

Nimelifuta genge lake. Nimebadili kufuli.
Bi Kibibi bado kakaa, mkoba magotini.
Haniiti mwizi.
Ananiuliza tu, kwa upole unaochoma,
kama baba yupo.