Maharage na Maksi

Nilianza na kaunta buku ya kwaya mbili
iliyobaki nusu toka hesabu za kidato cha tatu.
Mbele vipeuo. Nyuma, kwa kalamu nyekundu,
katuni za Kijapani nilizozimaliza, na maksi zake,
moja hadi kumi.

Baba alikuwa akipanga madaraja ya tumbaku, Urambo.
Analichukua jani, analivuta kidogo kama sikio la mtoto,
analinusa, analiinua dirishani,
anataja daraja. Wakulima wanaguna. Anachukua jingine.
Umejuaje? nilimuuliza.
Kidole kinajua kabla yangu, akasema.

Basi nami nikakiachia kidole.

Kashindye hataki hivyo. Kashindye ana jedwali:
michoro, sauti, kisa, wahusika, mwisho.
Anajumlisha, anagawa kwa tano, anapata saba nukta nne
na uso wa mtu aliyepokea mshahara.
"Saba nukta nne," namwambia, "ulicheka?"
Anarudi kwenye jedwali kutafuta.

Kipimo changu kiko jikoni, hapa hapa Isevya.
Tano: nimetazama, na maharage hayakuungua.
Sita: yalinusa kidogo, nikawahi.
Nane: yaliungua, mama akaniita majina yangu yote
hadi lile la bibi mzaa baba.
Tisa: yaliungua, na wakati nasugua sufuria kwa majivu
bado nilikuwa kule, juu ya mapaa yao,
theluji ikidondoka bila sauti,
mimi niijuaye barafu ya mfuko tu, ya shilingi mia.

Saba siitoi ovyo. Saba ni mgeni
aliyekaribishwa ugali akasema "nimeshiba"
huku jicho liko kwenye bakuli.
(Ziko saba kumi na tisa daftarini.
Mwoga ni mwoga.)

Moja nimeitoa mara moja:
watu wa chuma, sehemu hamsini, vita juu ya vita,
na hakuna hata mmoja aliyekula.

Kuna ile inayosifiwa na kila mtu. Niliipa nne.
Nilikuwa na homa, dawa chungu mdomoni,
kila shujaa alinuka kwinini.
Kashindye anasema niisahihishe, si haki.
Lakini jioni ile ilikuwa yangu, na homa yangu.
Nimeandika pembeni: nne, ya homa.

Kumi ni moja tu.
Michoro mibaya, ukweli usemwe;
farasi wanakimbia kama meza.
Msichana anatunza stesheni ambayo treni imeacha kusimama.
Anafagia. Anajaza taa mafuta. Ndiyo hivyo tu.
Niliitazama na dada yangu Kalunde, simu ina ufa,
hedifoni moja, yeye sikio la kushoto, mimi la kulia,
mvua ya Machi inapiga bati hata tukawa tunasoma midomo
ya watu wasiosema lugha yetu.
Sehemu ya kumi na moja, treni inasikika mbali,
msichana ameinua taa,
memori kadi ikafa.

"Itasimama," akasema Kalunde.
"Haisimami."
Tulibishana hadi alfajiri, hadi stesheni yenyewe,
begi lake kichwani kwangu,
hadi treni ya Mpanda ikamchukua akiwa bado anabisha
kupitia dirishani, kwa vidole.

Wiki iliyopita Kashindye kaniletea sehemu ya kumi na mbili
kwenye flashi. "Itazame, ujue kama kumi ni halali."
Nimeifukia kwenye mkebe wa sukari.
Kila chai naigusa kwa kijiko.

Jana Kalunde alipiga, mtandao unakatikakatika.
"Ile katuni yetu… mbovu ile, eh? Mimi ningeipa tatu."
Akacheka kile kicheko chake kinachoanzia puani.
"Lakini ilisimama."

Haikusimama, nikamwambia,
na jikoni kitu kilianza kunukia.