Mstari wa Kisigino

Mimi nilikuwa kipa wa akiba, kwa hiyo nilimwona vizuri.
Miaka sita nilikaa kando ya ndoo ya machungwa
nikimwombea mafua tu, au jino,
na Zablon Eshikumo hakuugua.

Jumamosi alitoka karakana ya reli saa saba,
grisi ingali kwenye kucha.
Watu wa Pumwani walidai mpira ukimfikia unanata;
tulicheka, lakini refa mmoja alimnusa viganja
kabla ya kupuliza kipenga.
Glavu hatukuzijua. Siku za baridi ya Julai
alivaa soksi kuukuu mikononi, amezitoboa vidole.

Na kabla hata ya kuwasalimu mabeki
alikwenda hatua sita mbele ya goli,
akageuka, akachora mstari kwa kisigino
kurudi hadi katikati ya milingoti.
"Nikipotea natazama chini," aliniambia,
"najua nyumbani ni wapi."
Mvua ikiufuta aliuchora tena,
mpira ukiwa bado upande wa wenzetu.

Fainali na timu ya Posta, dakika ya mwisho, penalti.
Aliipangua kwa kidole cha mwisho, mkono wa kushoto.
Tulimbeba hadi Kaloleni, tukaimba, tukalewa,
hakuna aliyekumbuka kukitazama kidole.
Kilipona chenyewe, vibaya,
kimepinda kama njia inayokwepa kichuguu.

Magoti yalipomkataa, wakampa umeneja:
koti la kuazima, filimbi, funguo ya stoo.
Mshahara, walisema, tutaangalia.
Benchi likawekwa kando, penye mstari wa kati,
naye akakaa nusu saa, haoni kitu.
"Kutoka hapa," alisema, "ni treni inapita tu.
Sijui nani anakuja, nani anakwenda."
Akalibeba benchi mwenyewe mpaka nyuma ya goli letu.
Huko ndiko alikotufundishia, nyavu zikimkata uso vipande vipande.

"Panda kushoto!" atapaza, na kile kidole
kinaonyesha kulia, upande wa vyoo.
Murunga alifuata kidole, hakufuata sauti,
akafunga mabao tisa msimu ule.
Watu wakaita mbinu. Yeye hakubisha.

Nami nilihesabu: goli liko wazi, zamu ni yangu.
Subira yangu ilikuwa imeivuta heri hadi kizingitini.
Akamleta mtoto wa Shauri Moyo, Kizito,
miaka kumi na saba, masikio makubwa, hajui kupiga mpira mrefu.
Nilimfuata stoo, sauti ikinitetemeka.
Hakunificha.
"Mikono unayo," alisema. "Lakini umezoea kutazama."
Kisha akanipa funguo, nikawa mtunza vifaa.
Nilimchukia hadi Krismasi.

Misimu minne. Halafu tukafungwa mechi tatu mfululizo
na barua ikaja, imepigwa chapa,
jina lake limekosewa herufi.
Akafika jioni kukabidhi. Koti, filimbi.
Jezi, kumi na nne. Pampu, moja, inavuja.
Mipira, kumi na mmoja.
Daftari lilisema kumi na miwili.

"Nitaandika ulipasuka," nilimwambia.
Alinitazama kama beki aliyeachia kona ya kijinga.
Akachukua taa ya stesheni, akateremka
mtoni Ngong, nyuma ya Makongeni,
ambako mashuti yetu mabaya yote yaliishia.

Nilisinzia juu ya nyavu.
Alfajiri alisimama mlangoni, maji hadi mapajani,
amekumbatia kitu kilichovimba,
ngozi imefumuka mshono, inanuka kiwanda.
"Kumi na miwili," akasema. "Andika."
Nikaandika.

Alipoondoka, sakafuni, toka mezani hadi mlangoni,
palikuwa na mstari wa tope, mnyoofu.
Labda goti lilimfanya auburute mguu.
Labda.
Sikupafagia mpaka Jumatatu.