Jiwe Halikutaki

Siku mbili tulilichimba kaburi lako, Kocha Bakulikira.
Goma haina udongo wa kumpa mtu.
Ina jiwe jeusi lililoshuka mlimani likiwa moto
likaganda palepale lilipochokea.
Mtaimbo ulipiga ukaruka, ukapiga ukaruka,
na Sengi, beki wako wa kushoto, akahema:
"Hata leo anatufanyisha mazoezi."
Tukacheka. Mjane wako akasikia,
akacheka naye, kiganja mdomoni.

Wewe ndiwe uliyetujulisha jiwe hili.
Mwaka ule uwanja wa Mabanga ulipomezwa,
goli moja tu likabaki, limezikwa hadi shingoni,
ulitupa nyundo kabla ya kutupa mpira.
Miezi saba. Mama zetu wakaja kukutukana;
ukawapa nyundo nao.

"Hapa hatuanguki," ulisema.
"Anayeanguka ataliacha goti lake."
Basi tukacheza wima: pasi fupi, ya chini,
iondoke kabla mguu wa mtu haujafika.
Wale wa Bukavu walipokuja wakadhani ni ufundi.
Ilikuwa hofu ya magoti, Kocha.
Sijui kama ufundi una mama mwingine.

Mimi nilikuwa golikipa wa akiba.
Misimu minne, dakika kumi na moja.
Leo ni mwashi, mgongo umeniharibika,
na bado ninazihesabu.
Siku moja, ukifunga kiatu chako kwa waya, uliniambia:
"Wewe unauona mchezo kuliko wanaoucheza.
Kaa karibu nami."
Nikajua unanibembeleza. Sikukusamehe.

Kina kilipomfika Sengi kifuani
mchimbaji akasema yatosha, jiwe limekataa.
Tukakuleta kwa chukudu, njia ya Kibati,
jeneza limekazwa kwa kamba za tairi,
watu sita tukilivuta nyuma kwenye mteremko
lisitutangulie.
Waliosimama kuhutubu walihesabu vikombe.
Mheshimiwa mmoja alikosea jina la timu.

Mimi nilileta saruji, mifuko miwili,
na pimamaji yangu.
Nikakusawazishia vizuri. Kisha nikakumbuka
uwanja wako haukuwahi kuwa sawa:
upande wa ziwa ulishuka kidogo,
na kipindi cha pili ulitutuma huko huko,
mpira ukimbie wenyewe pale miguu inapochoka.
Kabla saruji haijakauka
nikaliinamisha, kidole kimoja, kuelekea ziwani.
Hakuna aliyeona.

Jumapili huja nikakaa pembeni yako.
Nyuma ya ukuta watoto wanacheza juu ya mawe,
nasikia wanavyoanguka, nasikia wanavyoamka.
Juzi mpira wao ulivuka, ukaja juu, kona ya kulia,
ukikuelekea wewe.
Nikaruka na mgongo wangu huu.
Nikaudaka.

Kumi na mbili.

"Mzee!" mtoto akapaza sauti ukutani,
"wee mzee, unangoja nini? Rudisha!"