Sindano Nyingine

Tima, siku hiyo usijipake kitu.
Poda usitie, wala ile dawa ya kwapa
uliyoletewa kutoka Maskati.
Mashine haina pua, lakini ina macho:
chembe ya poda kwenye picha yang'aa
kama chembe ya jambo lenyewe,
nao watakurudisha nyuma ya pazia
moyo ukikudunda kwa unga wa dukani.
Nakwambia kwa kuwa mimi sikuambiwa.

Vaa sketi na blauzi, gauni liache;
utavuliwa juu tu, chini ubaki na heshima yako.
Na leso chukua. Kile chumba kina baridi
ambayo Malindi hatuijui hata mwezi wa saba.

Daktari ataanza kwa mkono.
Vidole vitatu, polepole, vyazunguka
kama vya mtu atafutaye jiwe kwenye mchele,
mpaka kwapani. Huku anauliza:
umeliona lini, lauma, latembea,
mama yako aliugua nini?

Hapo nilikwama.
Mama tulisema alikufa kwa kifua.
Neno tulilikunja, tukalitia sandukuni,
tukalikalia miaka kumi na tisa.
Likunjue, Tima. Yule daktari analihitaji.

Mashine ya picha aiendesha msichana wa Ganda,
aitwa Kadzo, mikono yake ina joto.
(Ukimkuta mwanamume, omba mwanamke aingie.
Ni haki yako, si madeko.)
Titi lalazwa juu ya kibao,
kibao kingine chashuka.
Sitakudanganya: chabana
kama kifumbu kikitafuta tui la mwisho.
"Usipumue," asema Kadzo.
Nilihesabu mpaka tisa. Kikaachia.

Halafu kitanda, na mafuta
yaliyo baridi, yateleza kama bamia,
na daktari akitazama kioo cheusi
bila kusema neno.
Ukimya wake usiufasiri.
Mimi niliufasiri: nikajizika,
nikajisomea hitima, nikagawa vyombo vyangu,
kumbe mwenzangu anapima urefu na upana tu.

Sasa sindano.
Wanijua, nadarizi kofia tangu sijaolewa,
sindano nimelala nayo, nimeamka nayo,
nimeitafuta gizani kwa nyayo.
Hii ni nyingine. Ya kwanza ni ya ganzi,
yachoma kama pilipili, kisha kimya.
Ya pili haishoni. Yachukua.
Tak! kama kufuli ya sanduku,
na kinyama chembamba, mfano wa tambi,
chaingia kichupani.
Tak! mara tano.
Soma jina lako juu ya kichupa.
Langu waliandika la babu kabla ya la baba;
nilikuwa nimelala kifua wazi
na bado nikasema, "Rekebisheni."

Patavilia rangi ya zambarau.
Barafu, kitambaani. Ndoo mwachie Athmani.

Kisha siku kumi, pengine kumi na nne.
Hiki ndicho kipimo kisicho na mashine.
Watakuletea asali, habasoda, kombe.
Kunywa; dua haigombani na maabara.
Lakini bahasha ikiitwa, nenda kaichukue.
Daktari aliniambia madonge mengi
si lile tulitajalo kwa kunong'ona.
Alisema mengi. Hakusema yote.

Na jibu langu usiniulize leo.
Nikikupa furaha yangu, huenda isikutoshe.
Nikikupa hofu yangu, itakukaa sawasawa,
hofu haina kipimo cha kichwa.

Jumanne, saa mbili, nitakuwa mlangoni kwako.
Nakuja na kofia ya Bwana Shee,
imebaki safu moja ya matundu.
Wewe utaitwa, utaingia.
Mimi nitakuwa pale kwenye benchi, nashona.